Maswali Mia Mbili na Arobaini

Kimumu, Eldoret
8 Januari 1984

Mjomba Githinji,

Barua hii ikukute mzima, na umevaa ile sweta aliyokufumia Mama. Aliifuma kwa vidole tu bila kuiona, na kama mkono mmoja ni mrefu kuliko mwingine, tafadhali usimwambie. Sisi hatujambo. Dada Wahu alijifungua mtoto wa kiume huko kwa bwanake Nyeri, wiki moja kabla ya Krismasi. Baba ananunua mahindi ya wakulima na duka limejaa magunia mpaka wateja wanasimama nje. Kutwa nzima anatembea na bambo lake, anadunga gunia, anamwaga punje kiganjani na kutafuta wadudu.

Mimi nilimaliza kidato cha nne Novemba na sasa nangoja matokeo. Nakaa na Mama, namsomea Biblia na barua zako. Asubuhi hutuamsha Jelagat, yule mama wa maziwa, mke wa mwalimu Bethwel. Lazima unamkumbuka, alikucheka Agosti ulipokuja na daktari kutoa watu damu. Bado anacheka. Jana alimwambia kaka Kinyanjui, "Ati wewe utaendesha lori? Miguu itafika kwa breki?"

Kinyanjui akamjibu, "Mama, maziwa yako siku hizi yanaonyesha chini ya sufuria."

"Hayo ni maji ya Mungu, kwani nimekulipisha?"

Mama alicheka mpaka akafuta macho kwa leso.

Sasa nije kwa jambo lenyewe. Fomu zote nimezituma kwa bahasha nyingine. Ziko nyumba sita kama ulivyotaka, ya nyanya yangu na za ndugu zake watano, na kila mtu nimeandika kama anaona au haoni, na kama haoni, alianza akiwa na umri gani. Wote wanasimulia namna moja: kwanza jioni inakuja mapema, halafu pembeni panapotea, halafu mtu anabaki akitazama dunia kupitia tundu la ufunguo, halafu basi. Mama alianza akiwa na miaka ishirini na mitatu.

Kinyanjui ana ishirini na miwili. Mwenye kiwanda cha mbao huko Kaptagat amemwahidi kazi ya dereva, lakini Baba amekataa mpaka wewe uandike. Nyumbani wengi wanasema hawezi kuupata ugonjwa huu. Yeye alipewa jina la babake Baba, ambaye alikufa na miaka tisini akisoma bila miwani, na wanasema ugonjwa hufuata jina. Jina la nyanya aliyekufa kipofu nilipewa mimi. Kwa hivyo jua likianza kuzama wote wananitazama. Nikiangusha kikombe, Mama anauliza, "Ni nani huyo?" na akisikia ni mimi, ananyamaza.

Mama anakuuliza: je, Kinyanjui anao?

Mpwa wako,
Nyaguthii

*

14 Februari 1984

Mama yangu Nyaguthii,

Nakuita mama kwa kuwa umebeba jina la mama yangu, na leo nakuita hivyo kwa furaha. Msalimie dada yangu, mwambie sweta imenitosha na mikono ni sawa kabisa. Mwambie Wahu hongera. Huku theluji imefika magotini na jua linaonekana kama sarafu iliyosahauliwa ndani ya maji. Nakula viazi. Ningekula ugali hata wa jana.

Sasa kaa chini uwasomee wote.

Tulipima alama arobaini katika damu ya kila mtu. Alama ni kitu kidogo anachozaliwa nacho mtu, kama aina ya damu, na mzazi humpa mtoto. Hazileti ugonjwa zenyewe. Lakini kama alama fulani inakaa jirani na ugonjwa, hutembea nao kutoka kwa mzazi hadi kwa mtoto, na ukiiona alama unajua ugonjwa uko karibu. Nimezipitia moja moja, nyumba kwa nyumba. Katika nyumba yetu nimeipata. Ni alama ya kumi na saba. Waliopoteza macho wanayo, na wanaoona karibu wote hawana.

Kinyanjui hana.

Mwambie baba yako amwache mtoto afanye kazi. Mwambie dada yangu alie kidogo kisha apike kitu. Bado nina mambo ya kumalizia na profesa wangu, lakini sikuweza kukaa na habari kama hii peke yangu.

Kuhusu wengine tutazungumza nikija.

Mjomba wako,
Githinji

*

Kimumu, Eldoret
20 Machi 1984

Mjomba mpendwa,

Tunakusalimu sote, na Mama anasema Mungu akuongezee siku. Matokeo yalitoka na nimepata daraja la pili. Baba alinunua soda na kila mtu alikunywa yake.

Barua yako niliisoma mara nne. Mara ya kwanza kwa Mama peke yake. Mara ya pili kwa Baba, aliyetoka dukani na bambo mkononi akasahau kuliweka. Mara ya tatu kwa Kinyanjui, ambaye alitoka nje akaenda kusimama nyuma ya choo muda mrefu. Mara ya nne majirani walikuwapo, na Jelagat alipiga vigelegele kama ni harusi, akasema, "Sasa nitakaa kando ya barabara nikiona huyu akipita na lori nipunge mkono, nijulikane ninajua watu wakubwa!"

Amekwisha pata leseni na ameanza kazi. Hupakia mbao Kaptagat asubuhi na kuzileta mjini. Akipita hapa anapiga honi mara mbili, na Mama hunyamaza kusikiliza mpaka sauti iishe.

Mjomba, sina mengi. Kitu kimoja tu, na labda si kitu. Ijumaa jioni Kinyanjui alipiga teke karai la nguo lililokuwa mlangoni. Ni karai kubwa, la siku zote. Tulicheka, na yeye akasema ni mimi niliyeliweka vibaya. Nikakubali ni mimi.

Walimu wanasema nijaze fomu ya chuo cha ualimu. Sijajaza. Uliandika kwamba kuhusu wengine tutazungumza ukija. Wengine ni nani? Kama ni mimi, naweza kusikia. Sitalia mbele ya Mama.

Nyaguthii

*

Kimumu, Eldoret
3 Juni 1984

Mjomba,

Natumaini uko salama. Ni zaidi ya miezi miwili hujaandika, na Mama huuliza kila lori la posta likipita. Namwambia ni posta.

Hapa mvua ilikosa. Mahindi ya wengi huko Soy yamenyauka yakiwa na urefu wa goti. Chifu ameita baraza kutuambia kuna mahindi ya njano kutoka ng'ambo, na watu wanayala wakinung'unika kwamba ni chakula cha kuku. Ng'ombe wa Jelagat wamekauka, lakini bado anakuja kila asubuhi na kikombe kimoja cha maziwa kwa ajili ya Mama tu. Anasema, "Hii si biashara, nimekuja kuomba chai." Kisha anakunywa chai ya rangi nasi na kumtania Baba kwamba mahindi yake ya njano yanafanana na meno ya mzee fulani.

Kinyanjui yuko kazini. Kila siku huhakikisha amerudi kabla ya saa kumi na moja. Anasema lori lina taa mbaya.

Uliona nilipokuuliza juu yangu? Usijibu kama ni vigumu. Lakini jibu barua.

Nyaguthii

*

11 Juni 1984

Mama yangu Nyaguthii,

Salamu zangu leo ni fupi. Mimi ni mzima. Barua yako ya Machi niliipata mapema Aprili, na kutojibu kwangu si kosa la posta.

Hii soma peke yako kwanza.

Mwezi wa Aprili nilimpelekea profesa wangu kazi yangu, alama ya kumi na saba ikiwa imepigiwa mstari mwekundu. Hakuitazama. Aliniuliza, "Uliuliza maswali mangapi kabla ya kupata jibu hili?" Sikuwa nimehesabu. Alama arobaini, nyumba sita. Ni maswali mia mbili na arobaini.

Kawaida yetu ni hii: tunalikubali jambo ikiwa bahati peke yake ingelileta si zaidi ya mara moja katika ishirini. Ukiuliza swali moja, hicho ni kipimo kizuri. Ukiuliza maswali mia mbili na arobaini, bahati itakuletea "ndiyo" kama kumi na mbili hivi, hata kama damu haina neno lolote la kusema. Mimi nilipata "ndiyo" kumi na moja. Kumi nilizipita kwa sababu hazikuhusu mtu ninayempenda. Moja niliiandikia nyumbani.

Mfikirie baba yako na bambo. Tuseme bambo lake hudanganya mara moja katika ishirini, linatoa punje mbovu katika gunia zuri. Akidunga magunia mia mbili na arobaini yote mazuri, kumi na mawili yatahukumiwa bure. Lakini magunia hayakai ovyo, yamepangwa kwa marundo, kila rundo na shamba lake. Mnunuzi mwenye akili huuliza kwanza juu ya rundo: je, hili kwa jumla lina ubovu kuliko ule ambao bambo lenyewe lingezua? Kama halina, haendi kulichagua gunia moja kulisema. Kama linao, ndipo anaingia ndani gunia kwa gunia, na bado anadai ushahidi mkali zaidi kwa sababu magunia ni mengi. Kila nyumba yetu ni rundo, na ndani yake mna magunia arobaini. Nilirudia kazi yote kwa njia hiyo. Hakuna rundo hata moja lililosema kitu. La kwetu pia.

Alama ya kumi na saba si alama ya chochote. Kinyanjui anaweza kuwa na ugonjwa, anaweza kuwa hana, ni kama kurusha shilingi juu. Hatujui zaidi ya tulivyojua Januari.

Utaniuliza mtu aliyesoma alikosaje kuona hivyo. Nimejiuliza. Nilipoona alama inawapata wanaofanana na mama yangu na kumwacha Kinyanjui mwenye jina la upande wa pili, nilisema moyoni, hata wazee walijua. Sikuuliza tena. Huku najiita mwanasayansi, lakini siku ile nilikuwa mtu wa nyumbani tu. Na liko jingine. Alama ile ilinikosa mimi pia.

Wewe unayo. Ndiyo maana Februari sikuandika juu yako. Sasa haina maana yoyote, na nimekunyima miezi minne ya usingizi kwa kitu ambacho hakipo. Jaza fomu ya chuo.

Nilikwenda posta mara mbili kupiga telegramu. Ni maneno matatu tu: Kinyanjui asiendeshe gari. Mara zote mbili nilirudi chumbani. Nilikuwa nikimwona dada yangu akiambiwa.

Mwambie aache lori. Mwambie leo.

Githinji

*

Kimumu, Eldoret
27 Juni 1984

Mjomba,

Sijui nikuamkie vipi. Mama ni mzima, Baba ni mzima, Kinyanjui yuko rumande.

Jelagat amekufa.

Ilikuwa Jumatatu. Lori lilipata pancha njiani kutoka Kaptagat, na Kinyanjui akachelewa. Ilikuwa karibu saa moja, jua limeshazama lakini mtu bado anaweza kumtambua mwenzake. Jelagat alikuwa anatoka kutafutia ng'ombe majani, amebeba mzigo wake, hatua chache kutoka kwetu. Lori lilimgonga. Kinyanjui alisimama mbele zaidi, akarudi kwa miguu akiuliza watu, "Nimegonga nini? Ni ng'ombe?" Niliisikia sauti yake nikiwa jikoni. Mama aliisikia pia. Alisimama akasema, "Hajui amegonga nini," kisha akakaa.

Kinyanjui ameandikisha polisi kwamba mama huyo aliingia barabarani ghafla. Watu wanasema ni kweli, maana alikuwa na mzigo kichwani na hakuangalia. Mwalimu Bethwel ameachwa na watoto watatu. Mamake Jelagat alikuja kwetu jana, mama mzee, akasimama mlangoni akatuomba radhi kwa shida ambayo binti yake ameleta. Baba alimpa kiti. Mimi nilikwenda nyuma ya nyumba.

Kesi ni tarehe 30 Julai. Baba amepata wazo. Atapeleka barua yako ya Februari kortini, kwamba mtaalamu wa ng'ambo amempima kijana na macho yake ni mazuri, kwa hivyo kosa ni la marehemu. Ameniambia niitunze vizuri isichafuke.

Mjomba, andika. Una hakika na ile alama?

Nyaguthii

*

12 Julai 1984

Nyaguthii,

Barua yako imefika leo. Ya kwangu ya tarehe 11 Juni nadhani umekwisha ipata, na umejua.

Nimehesabu siku. Kama ningeiandika Aprili ingefika Mei. Sitahesabu tena, na wewe usihesabu.

Nisikilize. Ukiipeleka ile ya Februari, ni uongo. Ukiipeleka ile ya Juni, watu wataambiwa kuna ugonjwa katika damu ya nyumba sita, na hakuna binti wa nyumba hizo atakayeposwa, wewe wa kwanza. Mimi pia nina watu wanaonisomesha huku, na sijui watasema nini juu ya mtu aliyetuma matokeo nyumbani kabla ya kuyapima. Choma zote mbili. Mwambie baba yako panya wamekula. Mwache Kinyanjui ajibu kwa kinywa chake, na Mungu ataamua.

Macho yangu usiniulize.

Githinji

*

Kimumu, Eldoret
9 Agosti 1984

Mjomba,

Nakusalimu. Mama anakusalimu pia, aliniambia nisiache kuandika hivyo.

Sikuchoma.

Barua yako ya Juni niliipata tarehe 2 Julai. Niliikalia wiki nne. Nataka ujue hivyo ili usifikiri ni wewe peke yako unayejua kunyamaza. Karai lile sikuliweka mimi vibaya. Lilikuwa mahali pake, na nilimwona Kinyanjui akiliendea huku ametazama mbele kama mtu anayetembea uwanjani. Jambo hilo nililiona tangu Machi. Lakini barua ilikuwa imesema hana, na ilikuwa imenyamaza juu yangu, na mimi nilikwisha kukubali kwamba giza ni langu. Nilipoliona kwake, nililikataa.

Jumamosi kabla ya kesi Kinyanjui alikuwa nyumbani kwa dhamana. Baba alikuwa anapiga pasi koti lake. Akasema, "Nisomee tena ile ya Februari, pale penye alama, nijue nitaonyesha wapi."

Nilichukua ya Juni. Nilipoifungua tu Mama akasema, "Hiyo siyo. Ile ilikuwa karatasi nyororo."

"Ni nyingine, Mama."

"Basi soma hiyo."

Niliisoma yote, mpaka pale pa telegramu. Nilipomaliza Baba aliweka pasi chini.

"Mjomba wako Februari alisema hivi, Juni anasema vile. Mimi niamini mwezi gani?"

"Juni, Baba."

"Kwa nini Juni? Kwa sababu ni mbaya?"

"Kwa sababu Juni alihesabu maswali."

"Rudisha hiyo karatasi kwa bahasha. Jumatatu tunakwenda na ile nyingine. Unataka ndugu yako afungwe?"

Ni Kinyanjui aliyejibu. Alikuwa amekaa juu ya gunia, hakuinua kichwa. "Baba, sikumwona. Hakuingia barabarani, gurudumu langu ndilo lililoingia kwenye nyasi. Mimi sijui alikuwa wapi, sikumwona kabisa. Jioni sioni."

"Lakini umepimwa!"

"Niliamini karatasi kuliko macho yangu."

Mama alimwita aje karibu. Alimshika uso kwa mikono miwili, akapitisha vidole gumba juu ya kope zake, kama anatafuta kitu humo. "Tangu lini?"

"Machi."

"Na hukuniambia mimi? Nyumba nzima, ni nani mwingine angejua unachosema?"

Hapo ndipo Kinyanjui alipolia. Baba alitoka akaenda dukani, tukamsikia akihamisha magunia kutoka ukuta mmoja kwenda mwingine, bila sababu.

Jumatatu hakupeleka barua yoyote. Kinyanjui alisimama akasema maneno yale yale aliyoyasema juu ya gunia. Hakimu alimuuliza mara mbili kama anaelewa anachokiri. Amefungwa miaka miwili na leseni amenyang'anywa. Alipopelekwa nje, askari alimwonyesha ngazi, na niliona akitafuta ya kwanza kwa mguu. Ilikuwa saa nane mchana, Mjomba.

Watu wamejua, kama ulivyosema. Shangazi wa nyumba ya tatu katika zile sita amekuja kumgombeza Mama kwamba tumeharibu wasichana wao. Mama alimwambia, "Wasichana wako nimewazaa mimi? Waambie waolewe mchana." Sijawahi kumsikia akijibu mtu hivyo. Baada ya shangazi kuondoka hakula.

Fomu ya chuo nimejaza. Sijui kama ninao, na wewe hujui, na imekuwa afadhali kutojua kuliko ile miezi niliyojua uongo. Juu ya macho yako sijauliza.

Kilichobaki ni hiki. Kortini Kinyanjui alisema Jelagat hakuingia barabarani, lakini wachache walikuwapo, na hapa Kimumu maneno ya kwanza yalikuwa yameshakaa. Wanawake kisimani bado walikuwa wanasema masikini, angeangalia. Kwa hivyo jana nilichukua barua yako ya Juni nikaenda kwa mwalimu Bethwel. Nilisimama nje ya ua wake mpaka mbwa akachoka kunibwekea. Yeye mwenyewe akatoka.

"Unataka nini kwangu, binti wa Ndungu?"

Nilimpa barua. Aliisoma akiwa amesimama, polepole, kama anasahihisha. Alirudia ukurasa wa pili. Kisha akafungua mlango akawaita watoto, akanirudishia karatasi mkononi. "Soma kwa sauti. Hawa pia waliambiwa."

Niliwasomea. Pale pa magunia waliniangalia bila kuelewa, lakini nilisoma vivyo hivyo, sikuruka kitu. Nilipomaliza niliwaambia na yale Kinyanjui aliyoyasema mbele ya hakimu. Jepkosgei, yule wa miaka minane, akauliza, "Kwa hivyo mama alikuwa kando?"

"Alikuwa kando, kwa nyasi."

"Na aliangalia?"

"Aliangalia. Ni sisi ambao hatukuona."

Akamgeukia babake. "Si nilikwambia."

Bethwel alitazama barabara juu ya kichwa changu. Halafu akaniuliza kama kesho ninaweza kurudi, nimsomee mamake Jelagat, kwa maana hajui kusoma, na tangu Juni amekuwa akipita nyumba kwa nyumba akiwaomba watu wamsamehe binti yake.

Nimesema nitakwenda. Barua hii naitia posta nikiwa njiani.

Nyaguthii